Mwenye Kusema Anatangulia

Siku ya kwanza, jumatatu, asubui. Bunia, hapa kwetu Nyakasanza. Mvua ilianza na jogoo ya kwanza, sasa imekatika, matone tu inaanguka ku mabati. Miguu yangu iko ndani ya basini, maji ya moto na chumvi. Roho yangu iko nyepesi sawa kikwembe yenye imekauka ku jua.

Mave, andika vile ninasema. Usinitengeneze.

Mave ni mutoto yangu, ni juu yake batu bananiita Mama Mave. Ni yeye mwenye hii gazeti ya ndani ya telefone, yenye batu banasoma mpaka Mambasa, mpaka Niania, sijui wapi tena. Kila mara anaandika ya kwake: leo kichwa inaniuma, leo bwana amechelewa, leo mvua. Nimemuambia, leo ni ya mama yako. Miye sikusoma. Kalamu sijui kuishika. Lakini kinywa Mungu alinipa, na ile haijachakaa.

Basi.

Siku ya posho, ndiyo jumamosi, jua haijatoka, tulitoka na batu ya parokia kwenda hija ya miguu mpaka ku groti ya Mama Maria. Groti ni ile pango ndogo ya mawe, sanamu yake iko ndani, kule kupita Bogoro, pale barabara inaanza kushuka kwa Ziwa. Jana jioni nimerudi. Munataka kujua nilifika namna gani? Mutangoja. Hadisi haianze na mukia.

Kwanza niseme juu ya nini nilienda, ju hata Mave hajui.

Ndiyo, Mave, weye. Andika tu.

Mwaka jana Mave alienda kuzaa na ilikuwa mubaya. Bamunganga balimuingiza mu chumba ya kupasuliwa, bakanifungia mulango. Nilibakia inje ku benchi ya maternite na kambambili moja ku muguu, ingine sijui niliacha wapi. Mama moja pale alikuwa anakula karanga. Namuangalia anakula, nafikiri, huyu anaweza namna gani kula karanga na dunia inaisha? Sasa nikasema ndani ya roho: Mama Maria, na weye ulizaa. Unirudishie Mave, na ile yenye iko ndani ya tumbo. Nitakuja kwako na miguu yangu, hapana pikipiki, hapana motokari, nikuambie mbele ya uso.

Mave alitoka. Mutoto alitoka, mudogo sawa panya ya shamba, lakini analia kwa nguvu. Tulimuita Aksanti. Iko hapa sasa, anavuta telefone ya mama yake.

Mave ameacha kuandika.

Andika, mutoto yangu. Utalia nyuma, hadisi iko bado ndefu.

Mave nilimuambia tu, naenda kuomba. Alikatala siku mingi. Akasema, mama, miguu yako inavimba ukienda tu ku soko, utaweza namna gani mpaka kule? Uende na kamioneti yenye inabeba mizigo, utakaa mbele karibu na shofere, utaomba vile vile. Bwana yake pia akaongeza ya kwake, pole pole, na heshima, ju ni mukwe. Nilibabishia wote wawili. Batu balifikiri ni kichwa nguvu. Kichwa nguvu iko, siwezi kukatala. Lakini neno nilitoa, na neno yenye umemupa mama mwenzako, hauwezi kuikata nusu njiani.

Sasa nitasema kosa yangu. Mutu mwenye miguu iko ndani ya maji ya moto hawezi kudanganya.

Kosa ilianza hapa hapa Nyakasanza. Batu balitoka ku milango kutuangalia. Mwenye kuuza mikate akapiga kigelegele. Na mama moja, sitamutaja ju iko anasoma hii, akasema: "Eh, na huyu muzee pia anaenda? Huyu batamurudisha na machela!"

Nilisikia.

Nilikaza kikwembe. Nilikuwa nyuma na bazee, nikapita bazee, nikapita bamama, nikapita baba mwenye bendera, nikaenda kutembea kati ya korale. Korale, bale ya kuimba misa, ni vijana. Miguu yao iko sawa ya mbuzi. Na miye katikati yao, kifua mbele, sawa bibi arusi. Mutu akiangaliwa, miguu inapata kiburi, na miguu ya kiburi haiulize kifua kama iko tayari.

Mama Aneta alinifuata. Mama Aneta ni rafiki yangu tangu tulikuwa basichana. Yeye hasemi mingi. Miye nasema, yeye anafanya "mm". Lakini ile mm yake iko na namna mingi: kuko mm ya ndiyo, mm ya unadanganya, mm ya nyamaza mukwe yako anakuja. Ile asubui alinipa mm moja yenye sikutaka kuielewa.

Na pale kuko kitu ingine. Mualimu Fostini, yeye ndiye responsable, mukubwa ya hija, mutu muzuri, anafundisha batoto ya primere, alitangaza kama mpaka ku daraja tutaenda kimya. Kila mutu aombe ndani ya roho yake.

Kimya! Miye!

Lakini nilitii. Hija ni hija. Nilifunga kinywa, nikashika rozari, nikaenda mwendo ya korale, pa, pa, pa. Kushuka, pa, pa. Kupanda, pa, pa. Nilijiambia, unaona, uko na nguvu bado, ule mama wa machela akae na machela yake. Jua ikatoka. Ile upande barabara inapita kati ya majani marefu, na asubui ngombe inavuka na kengele, na kuko baridi tamu, unafikiri unaweza kutembea mpaka Uganda. Sikujua kama ile kimya ndiyo inanidanganya. Mutu akisema, anasikia pumuzi yake. Akinyamaza, miguu inafanya yake, kifua inafanya yake, na hakuna mwenye kumuletea habari.

Tukafika ku daraja. Fostini akageuka: "Bandugu, sasa muko huru. Muimbe, museme."

Ngoma ikaanza. Mama Aneta akaniangalia, anangoja. Alikuwa amengoja tangu mujini, maskini, yeye pia alizoea.

"Haya," akaniambia. "Sema."

Nilifungua kinywa.

Hakuna kitu.

Mate imekauka. Roho inapiga mbio kupita ngoma. Mbele ya macho nyota ndogo ndogo inacheza, na ilikuwa muchana. Nilitafuta neno moja tu, hata "maji", haikutoka.

Gloria, musichana ya korale, ule mwenye sauti ya juu na kinywa ya juu zaidi, akapiga mikono: "Jameni! Hatujafika ku groti na muujiza imeshafanyika! Koko amenyamaza!" Koko ni miye, ndivyo vijana banaita nyanya yao.

Vijana balicheka mpaka mwenye ngoma akaacha kupiga. Na miye nilitaka kucheka, lakini kucheka pia inaomba pumuzi.

Mama Aneta hakucheka. Alitupa mufuko yake chini katikati ya barabara, akapiga kelele na sauti yenye sikusikia tangu miaka mingi:

"Mizigo chini! Mizigo chini bote! Mama Mave amenyamaza!"

Vijana bakaangalia mikono yao. Mizigo yote ilikuwa ndani ya kamioneti. Lakini vile alilia, moja moja bakakaa chini ku majani, sawa batoto yenye mualimu amekemea. Hata Fostini, mualimu mwenyewe, alikaa kidogo mbele ya kukumbuka kama yeye ndiye mukubwa.

Nitaeleza hii "mizigo chini", ju vijana ya leo hamujui.

Zamani, siye na Mama Aneta tulikuwa tunabeba samaki. Makayabu, ile ya chumvi, kutoka Kasenyi ku Ziwa, kupanda ule mulima mpaka Bogoro, na kutoka Bogoro mpaka hapa ku soko. Basini ku kichwa. Ule mulima hauna huruma. Tulikuwa bamama mingi, tunaenda moja nyuma ya mwenzake, na kila mara bananiweka miye mbele. Hata kukiwa mama mwenye nguvu kunipita, hata kukiwa mukubwa, batasema, Mama Mave mbele. Na miye nasema njia yote. Bwana yangu, Mungu amurehemu, alikuwa ananingoja ku mulango jioni, anasema, bibi ya wengine harufu ya samaki ndiyo inatangulia, ya kwangu ni sauti. Na kama nimenyamaza, hata kama ni kuwaza tu, mama ya nyuma yangu analia "Mizigo chini!", na bote banatua, banakaa, banakunywa maji. Mara ingine nilikuwa nakasirika. Nilikuwa natafuta tu jina ya mutu, na bameshakaa!

Ile ndiyo Mama Aneta alilia pale ku barabara.

Fostini akakuja na maji. Akanipepea na kofia yake. Pikipiki ikapita, akaisimamisha. Kijana ya pikipiki alikuwa na adabu, akapanguza kiti na mukono: "Koko, panda. Nitakubeba sawa yai."

"Mama," Fostini akaniambia, na aliinama kabisa, sawa mutu anasema na mama yake, "si kukufukuza. Hii barabara tunaijua bote. Hapana mutu kubakia nyuma peke yake. Na jua ikizama tuko bado inje, ni miye nitajibu. Nitamuambia Mave nini?"

Alikuwa na haki. Andika hii, Mave, alikuwa na haki. Programe yake ilikuwa tufike mbele ya magaribi, misa isomwe jioni, tulale pale pale. Na mwendo yangu ya kweli haiwezi kufikisha mutu mbele ya magaribi. Mwendo yenye ilikuwa inafikisha ndiyo hii imenikalisha chini.

Nilisimama. Nikashika bega ya ule kijana. Nikainua muguu.

Na muguu ikiwa juu, niliona ile benchi ya maternite.

Neno ya kwanza yenye ilitoka mu kinywa yangu, ilitoka sawa kuku yenye imekanyagwa: "Nilimupa neno."

"Neno gani? Ulimupa nani?"

"Mama Maria. Kama nitakuja na miguu. Juu ya Mave, ile siku ya kuzaa."

Bote bakasogea karibu. Hata Gloria. Kijana ya pikipiki akazima motere. Muguu yangu bado iko hewani, na miye siwezi kuipandisha, siwezi kuishusha. Fostini akaangalia barabara, akaangalia jua, akaangalia miye. Niliona kama anateseka. Ni mutu mwenye huruma, na mwenye huruma akipewa bukubwa anateseka kupita wengine.

Sasa Mama Aneta akasema. Yeye mwenye mm. Akasema maneno mingi kwa mara moja, nafikiri alikuwa amekusanya ya miaka yote.

"Mualimu, shusha ule muguu ya mwenzangu kwanza, ataanguka. Nisikilize. Munaweka vijana mbele na bazee nyuma, ndiyo maana banavunjika. Siye ku njia ya samaki tulikuwa tunaweka mbele mwenye kusema. Ni huyu."

"Ju hadisi zangu zilikuwa tamu," nikaongeza. Pumuzi ilianza kurudi.

"Tamu?" Mama Aneta akanigeukia. "Ile ya mbuzi ya mahari tuliisikia mpaka samaki yenyewe ilijua! Tulikuwa tunakuweka mbele ju weye ukisema, tunajua mwendo ni muzuri. Mwenye kusema mingi akishindwa kusema, siye ya nyuma tuko karibu kufa."

Nilibakia kinywa wazi. Na ile mara haikuwa juu ya pumuzi.

Miaka yote! Bwana amekufa, batoto bamekuwa bakubwa, na miye nikijua kama niliwekwa mbele ju batu banapenda hadisi. Kumbe nilikuwa sawa ile sufuria yenye unasikiliza kama maji inachemuka.

Lakini Fostini alikuwa amekaa chini. Alikuwa anavua kiatu. Kisigino yake ilikuwa nyekundu, ngozi imetoka, soksi imeshikana na damu. Mupya, ile viatu. Na yeye alikuwa anatembea na hii tangu mujini, kimya, ju yeye mwenyewe alitangaza kimya.

"Mama Aneta," akasema, "na mwenye kuweka viatu mupya, kwenu ku samaki mulikuwa munamuweka wapi?"

"Nyumbani," Mama Aneta akamujibu.

Tulicheka bote. Na ndani ya kucheka, Fostini akapigia Abe, padri yetu, telefone. Abe alikuwa ameshafika na kamioneti. Akamueleza: tukienda bote na mwendo ya bazee, hapana mutu kubakia nyuma, tutalala Bogoro ndani ya kanisa, tutafika kesho yake asubui. Misa ingoje. Tulisikia Abe anauliza, na Mama Maria? Mama Aneta akasogea karibu na telefone:

"Abe, Mama Maria ya kule iko ya simenti. Atakimbia wapi?"

Abe alikubali. Kijana ya pikipiki akawasha motere. "Koko, mukishindwa munibipe," akasema, akaenda. Na miye niliona ile pikipiki inaenda na kiti yake haina mutu, nikasikia kitu imetoka ku mabega yangu, sawa basini ya samaki imetuliwa.

Sasa tukatembea. Miye na Mama Aneta mbele. Nyuma yetu bazee, nyuma bamama, nyuma korale, na mwisho vijana yenye nguvu, juu ya kuchunga. Fostini na soksi tu, viatu ku bega.

Gloria, ndiyo, alinungunika. "Kwa hii mwendo tutafika Noeli!"

"Noeli pia Mama Maria alitembea na mimba," nikamujibu. "Na punda yake haikuwa ya korale."

Mwendo ni hii, weye mwenye kusoma, kama siku moja utaenda mbali na miguu. Pa tambarare, unasema hadisi ndefu, na mafumbo ndani, na kuiga sauti ya batu. Pa kupanda, unasema maneno fupi. "Jiwe." "Angalia maji." "Ngombe." Kama hata "ngombe" haitoke, unakaa. Unakaa mbele ya kuanguka, si nyuma ya kuanguka. Kama unaweza kuimba kabisa na sauti yote, hapo uko mvivu, ongeza kidogo. Na usiangalie ku milango ya batu.

Niliwaambia ile ya mbuzi. Mave anacheka, anaijua. Bwana yangu alileta mbuzi ya mahari kwa baba yangu. Ile mbuzi ikakata kamba, ikarudi kwao. Bwana yangu, na adabu, akairudisha. Baba yangu macho ilikuwa mubaya, akafikiri ni mbuzi ingine, akafurahi, akafunga. Ikakata, ikarudi. Ikaletwa tena. Baba yangu anaambia majirani, huyu kijana ananipenda, kila posho mbuzi! Na mama yangu anaangalia zizi, anaona mbuzi iko moja, anashindwa kuelewa zingine zinaenda wapi.

Hapo barabara ikaanza kupanda, nikaacha hadisi, nikaingia ku "jiwe", "angalia maji".

Nikasikia nyuma sauti ya Gloria: "Koko! Na baba yako alijua wakati gani?"

"Juu ya mulima!" nikasema. Maneno mitatu, ilikuwa sawa kabisa na pumuzi yenye nilikuwa nayo.

Bakapanda. Hapana mutu alinungunika tena. Nusu ya mulima nikanyamaza, na mbele ya Mama Aneta kufungua kinywa, vijana bote ya nyuma bakalia: "Mizigo chini!" Bakakaa, banacheka. Gloria akakuja mbele na maji, akakaa karibu yangu, akavua viatu. Na yeye kidole ilikuwa imevimba. Akaniambia pole pole, hakutaka wenzake basikie: "Koko, mwaka jana tulienda mbio mpaka kule. Tukafika, sauti imekufa. Tuliimba misa sawa bata. Abe alituangalia vile."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu unimalizie mbuzi."

Juu ya mulima nilimalizia. Baba yangu siku moja akashika sikio ya mbuzi na mukono, akakuta imepasuka pale pale, sawa mbuzi ya kila posho. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, mutu mwenye mbuzi yake inajua kurudi kwake, hata mutoto yangu hatapotea kwake. Akanitoa. Na kweli sikupotea.

Bogoro tulilala ndani ya kanisa, ku mikeka. Bamama ya pale balituletea maharagi na bugali, Mungu abarikie mikono yao. Nililala sawa jiwe. Mama Aneta anasema nilisema ndani ya usingizi, na yeye akalala muzuri, ju alijua niko muzima.

Na asubui ya siku ya Mungu, jumapili, tukafika.

Unageuka ku ile kona, na Ziwa iko chini kabisa, nyeupe, na kando ya barabara, kati ya mawe, iko yeye. Rangi ya nguo imetoka kidogo. Kuku moja ilikuwa inatembea ku miguu yake. Njia yote nilitengeneza maneno ya kumuambia. Niko na maneno mingi, munajua. Nilisimama mbele yake.

Nikanyamaza.

Nyuma yangu nikasikia batu bote bamesimama, na Gloria anasema na woga, "Koko? Mizigo chini?"

"Mumuache," Mama Aneta akasema. "Hii ni kimya ingine."

Nikamuambia tu: "Nimekuja na miguu. Mave iko. Mutoto iko." Ile ndiyo yote. Nilikuwa na pumuzi ya kusema mpaka jioni na haikulazimu.

Nikageuka, Mama Aneta akanipa mm moja yenye sijawahi kusikia tangu tunajuana. Nitaifikiri siku mingi.

Misa ikasomwa. Korale ikaimba. Sijui kama munajua korale yenye haikuchoka. Ile sauti ya Gloria ilishuka mpaka kule chini, nafikiri bavuvi ku Ziwa baliacha nyavu kusikiliza. Fostini alikuwa mbele na soksi, anaimba mubaya kupita wote, na uso yake sawa mutu yenye balimutua basini kubwa ku kichwa. Alifikisha batu bote. Hapana moja alibakia nyuma.

Kurudi nilipanda kamioneti. Neno nilitoa ya kwenda, ya kurudi sikutoa. Miye si mupumbavu.

Sasa maji ya basini imepoa. Mave ameandika mpaka vidole inamuuma, na macho yake ni nyekundu, anasema ni moshi, na leo hatujawasha moto ndani. Aksanti ameshika muguu ya meza, anasimama, anaanguka, anasimama. Mave anamuambia, haraka, kuja kwa mama, haraka. Nimemuambia Mave, acha haraka. Umuachie aseme kwanza.

Najiuliza kitu moja tu. Miaka yote nilitembea mbele na sikujua kama batu nyuma yangu banasikiliza kifua yangu, si hadisi. Nikasirike, ao nifurahi? Nimefikiri tangu jana. Nafikiri nitafurahi. Si kila mutu iko na batu nyuma yenye banatua mizigo ju yeye amenyamaza.

Kesho miguu ikikubali, nitaenda ku soko, pole pole, kutafuta sombe, majani ya muhogo. Mukinisikia kutoka mbali nasema na kila mutu ku njia, muniache, niko muzuri. Mukisikia nimenyamaza, mukuje.